Mwezi Usio na Fundo

Kuna neno moja nikilisikia hadi leo damu inanichemka: utazoea. Niliambiwa na nesi, nikaambiwa na muuza dawa, nikaambiwa na mume wangu akiwa amelala chali anatafuna karanga. Watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninachotakiwa kukizoea ni nini hasa. Mwanamke huku kwetu anazoeshwa moshi, anazoeshwa mzigo wa kuni, anazoeshwa mdomo wa mama mkwe. Sasa na damu nayo nikaambiwa niizoee, na mimi kwa ujinga wangu nikaizoea, ikabaki kidogo nizikwe.

Nianze na mtoto wangu wa tatu. Alizaliwa salama, mimi ndiye sikuzaa salama. Nilitoka damu mpaka nikaanza kuona watu wa chumba kile wamekuwa wadogo, wako mbali, wanaongea kama walio upande wa pili wa bonde. Niliposhikwa mkono na kurudishwa duniani, daktari alisimama miguuni pa kitanda akaniambia bila kupamba maneno: kizazi chako kinachelewa kujikaza baada ya kuzaa, ukibeba mimba nyingine kabla huyu hajatimiza miaka mitatu, usije ukasema hukuambiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilisema nimesikia, na nilikuwa nimesikia kweli. Kuanzia siku ile nilitaka kitu kimoja tu maishani, nisife kabla yule mtoto hajajua kwenda kisimani mwenyewe.

Mume wangu anafanya kazi ya jikoni kwenye kambi ya watalii upande wa Natta. Wiki sita yuko kambini, wiki mbili yuko nyumbani. Huko anavaa kofia nyeupe na kuwakaangia wageni mayai ya kila namna, huku nyumbani hajui hata chumvi inakaa wapi. Kwa hiyo kwa wiki sita tulibaki mimi, watoto watatu, ng'ombe kumi na wawili, na mama yake.

Mimi nilizaliwa Nyanungu nikaolewa Nyansurura, na sisi Wakurya hatujaumbiwa sauti ya chini, kwa hiyo ugomvi si kitu kigeni kwangu. Lakini mama mkwe wangu alinizidi. Alikuwa mwembamba, mrefu, magoti yamekufa kwa kuinama miaka yote, na alikuwa na sheria. Sheria kubwa katika mji wake ilikuwa hii: mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii zizini wala hashiki kibuyu cha maziwa. Akiingia, ng'ombe atakatisha maziwa, au ndama atazaliwa amekufa. Nyumbani kwetu mama yangu alikamua siku zote za mwezi na sikuwahi kumsikia ng'ombe akilalamika, lakini ukiolewa unaolewa na zizi pia.

Basi kila mwezi, siku nne au tano, asubuhi nilisimama nje ya lango la zizi mikono mitupu. Watu wa mji walijua. Jirani akipita na jembe lake alijua. Mama mkwe ndiye aliyeingia, akapiga magoti yake mabovu chini ya ng'ombe, akakamua huku anaguna kwa sauti ya kutosha mimi kusikia.

Na alikuwa na kamba. Ilikuwa kamba nyembamba ya katani, ameitundika kwenye nguzo ya lango. Kila asubuhi ambayo sikuingia zizini alifunga fundo moja. Kila mwezi mpya ulipoandama alifunga kipande cha kitambaa chekundu, halafu akaendelea. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya dawa za kienyeji nikaogopa. Baadaye nikajua ni kinyongo tu. Alikuwa anahesabu siku ambazo magoti yake yalifanya kazi yangu, ili mwanawe akija likizo amwonyeshe.

Mtoto alipofikisha mwaka na kidogo, nilikwenda kutafuta vidonge vya majira, vya kuzuia mimba. Sikwenda zahanati ya karibu. Nilivuka vijiji viwili, nimembeba mtoto mgongoni ili nikiulizwa niseme nampeleka kupimwa uzito. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nauficha ili nisizae, kwa hiyo niliona msemo haunihusu.

Nesi alikuwa binti mdogo, na haki yake nimpe, benchi lilikuwa limejaa wanawake mpaka nje. Alinipa pakiti tatu. Akasema, "Kimoja kila siku, saa ile ile. Hivi vyeupe kwanza, hivi vya kahawia mwisho. Ukiona matone, ukisikia kichefuchefu, kichwa kikiuma, usiogope, utazoea. Anayefuata!"

Ndiyo hayo tu. Hakuna aliyenifunga kile kitambaa cha presha mkononi. Hakuna aliyeniambia matone ni kitu gani na yakizidi nifanye nini. Hakuna aliyeniuliza mume wangu yuko wapi na anakuja lini, na hilo ndilo swali ambalo lingeniokoa.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mateso. Asubuhi nilisikia kichefuchefu nikiwa nimeinama chini ya ng'ombe, harufu ya mavi ya ng'ombe ambayo nimekua nayo ikawa inanipindua tumbo. Matiti yaliuma mtoto akinigusa. Kichwa kiligonga upande mmoja. Hayo yote ningeweza kuyabeba kimya kimya, hakuna anayeona kichwa cha mtu kinavyouma. Lakini yakaja matone.

Sasa nikuulize wewe unayesoma: tone moja kwenye kitambaa, hizo ni siku zako au si siku zako? Ningemuuliza nani? Mama mkwe? Ningesema, samahani mama, hii si hedhi, ni vidonge ninavyokuficha? Niliogopa ng'ombe wakipatwa na lolote nitajilaumu mwenyewe, maana hata ukicheka sheria ya mtu mchana, ukiwa umeshika chuchu ya ng'ombe wake unaiheshimu kidogo. Nikasimama nje ya lango.

"Tena?" aliniuliza siku ya saba.

"Tena, mama."

Siku ya kumi na moja hakuuliza. Alifunga fundo, akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Wewe una ugonjwa, na hutaki kusema." Kisha akaingia zizini na magoti yake.

Mume wangu alipokuja likizo nilimweleza. Yeye alijua habari ya vidonge, alikuwepo daktari aliposema yale maneno, na alikubali kwa kichwa kama mtu anayekubali bei ya nyanya. Alitaka tu mama yake asijue. Nilimwambia kichwa kinauma, nikamwambia matone hayaishi, nikamwambia mama yako ana kamba. Akasema vumilia, utazoea. Halafu akatupa ganda la karanga, akaniuliza:

"Lakini nikiwa kambini, unameza kwa ajili ya nani?"

Na akacheka.

Nimekigeuza kicheko kile kichwani mara nyingi kuliko nilivyogeuza ugali. Kama angesema kwa hasira ningemjibu, na kujibu ninajua. Lakini alicheka, na mtu akikucheka ukikasirika unaonekana una jambo. Niliona aibu ya kitu ambacho sijakifanya. Na mbaya zaidi, neno lenyewe liliniingia akilini kama lina maana. Panadol humezi kama kichwa hakiumi. Dawa ya ng'ombe hainyunyizwi kama hakuna kupe. Mwanaume hayupo, kidonge cha nini? Tena nikiacha, matone yatakoma, nitakamua, mama mkwe atanyamaza. Wote tutapata nafuu.

Siku alipopanda gari kurudi Natta nikaacha vidonge. Pakiti ilikuwa imefika katikati.

Mtu akiniuliza leo kama mwanamke aliyesoma mpaka kidato cha pili anaweza kufanya hivyo, nitamwambia ndiyo, anaweza, na tulikuwa wengi. Baadaye niliwauliza wenzangu ambao waume zao wako kambini au kwenye machimbo ya dhahabu huko Tarime, na niliyemuuliza wa kwanza alinijibu huku anashangaa: kwani kuna namna nyingine? Tulikuwa tunameza kwa kufuata zamu za waume zetu. Mwanaume akiingia, kidonge kinaingia. Akitoka, pakiti inarudi sandukuni chini ya kanga.

Mwili wangu ukachanganyikiwa. Nikiacha, baada ya siku mbili tatu damu inakuja. Wiki tatu nne mbele inakuja nyingine, ile ya mwili wenyewe. Akija likizo nikianza tena, matone. Akiondoka nikiacha, damu. Nilisimama nje ya lango la zizi zaidi kuliko nilivyosimama ndani. Kwenye mashine ya kusaga, mwanamke mmoja alisema mbele ya kila mtu kwamba vile vidonge havitoki tumboni, vinakusanyika kama kokoto mpaka kizazi kinaziba. Sikumwamini, lakini sikumkatalia. Nikajifariji kwamba mimi angalau naviachia nafasi, nalipumzisha tumbo.

Pakiti zilipoisha niliziongezea kwenye duka la dawa. Muuzaji alikuwa kijana wa kutoka Singida aliyeifuata dhahabu Tarime, dhahabu ikamkataa, akaishia kuuza dawa. Nilimwambia, "Kaka, hivi vinanitoa damu sana." Hakuinua macho kwenye simu yake. Akasema, "Ndivyo vilivyo, dada. Utazoea." Sikumwambia kwamba naviacha na kuvianza. Hakuniuliza. Nilitoka pale nikiwa na pakiti mpya na ujinga ule ule.

Likizo iliyofuata mama mkwe alimsubiri mwanawe anywe chai, akaenda kuitoa kamba nguzoni na kuilaza miguuni pake. Ilikuwa ndefu sasa, imejaa mafundo kama mgongo wa kenge.

"Hesabu," alimwambia. "Kila fundo ni magoti yangu. Mke wako ni mgonjwa au ni mvivu, niambie ni kipi, nijue."

Mume wangu akahesabu mpaka kumi, akaanza kucheka. "Mama, haya mambo ya wanawake mimi nayajulia wapi? Malizaneni." Mama mkwe aliiokota kamba yake akarudi kuitundika. Siku ile niliwachukia wote wawili kwa kiasi sawa, na yule anayecheka nikamwongezea kidogo.

Ndipo ukaja ule mwezi mzuri.

Nilikuwa nimeanza vidonge siku ile ile aliyoingia mume wangu, kama kawaida yangu. Matone hayakuja. Alipoondoka nikaacha, nikasubiri damu. Haikuja. Wiki ikapita. Mwezi ukaandama, mama mkwe akafunga kitambaa chake chekundu, na mimi bado nipo zizini asubuhi na jioni, nakamua. Nikasema moyoni, kumbe walisema kweli, nimezoea! Kichefuchefu kilikuwepo, lakini kichefuchefu nilishaambiwa ni cha vidonge. Matiti yaliuma, na matiti nayo niliambiwa. Kila kitu nilikuwa nimekwisha kuambiwa.

Mama mkwe naye alibadilika. Aliacha kuguna. Asubuhi moja alinipimia maziwa ya mgando kwenye kikombe chake mwenyewe, ambacho hata mwanawe hakinywei, akasema, "Sasa umekuwa mwanamke wa mji huu." Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi. Nilitembea siku nzima nimenyoosha shingo kwa sababu ya kikombe cha mgando. Mwezi wa pili ukaandama, akafunga kitambaa kingine. Kati ya vitambaa viwili hapakuwa na fundo hata moja.

Siku chache baadaye damu ikaanza. Nikajua mwili umerudi kwenye mchezo wake. Nikasimama nje ya lango, mama mkwe akafunga fundo bila kusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kuguna. Siku ya pili, fundo. Siku ya tatu damu ilikuwa nzito, ina mabonge, na tumbo linakata kwa chini. Siku ya nne nililala kidogo mchana nikasema itapungua. Mwanamke anayejua kwamba kuna hatari angekimbia. Mimi nilikuwa nimezoeshwa. Nilibadilisha vitambaa, nikafua, nikaanika nyuma ya nyumba, nikaendelea kusonga ugali.

Siku ya tano tulikuwa kwenye jabali tunapoanika mihogo, mimi na mama mkwe, jua limesimama. Niliinama kugeuza vipande, nikaona jabali linanijia. Nakumbuka mihogo iko karibu sana na jicho langu, myeupe. Halafu nakumbuka mama mkwe ananivuta kwapani, na sauti yake inaita majirani kwa Kikurya, sauti ile ambayo huwa anaitumia fisi akiingia zizini.

Walinilaza ndani. Mama mkwe alifungua sanduku langu kutafuta kanga safi, na chini ya kanga akakuta pakiti zangu nne. Zote ziko vile vile: mistari miwili ya mwanzo imetobolewa, iliyobaki imejaa, na vile vya kahawia havijaguswa hata kimoja. Aliziangalia akaniangalia. Sikuwa na nguvu ya kudanganya.

"Ni nini hivi?"

"Vya kutozaa, mama. Daktari alisema nikizaa nitakufa."

Alitoka nje. Nilijua amekwenda kumpigia mwanawe simu anirudishe Nyanungu. Kumbe amekwenda kuita pikipiki, na njiani kurudi amepita langoni akachukua kamba yake.

Tulikwenda zahanati ya karibu, ile niliyoikwepa. Mimi katikati, dereva mbele, mama mkwe nyuma amenikumbatia kwa mikono yake mirefu ili nisianguke, na njia nzima ananitukana sikioni. Hakwenda kule nitibiwe tu. Alikwenda kugombana. Tulipofika aliwapita wote waliokaa kwenye benchi, akaingia, akazimwaga pakiti na kamba mezani kwa nesi.

"Angalia mlichomfanyia mtoto wangu! Vidonge vyenu hivi vinamkausha damu. Na ushahidi huu hapa!"

Nesi alikuwa mama wa makamo, mnene, ana lafudhi ya Kijaluo. Hakupandisha sauti. "Shikamoo, mama," alisema, akanilaza kitandani, akanishika mkono kupima mapigo, akanifunga kitambaa cha presha. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunifunga kitambaa kile tangu nianze vidonge. Akauliza, "Umetoka damu tangu lini? Mara ya mwisho uliona siku zako lini, kabla ya hii?"

Sikuweza kujibu. Sikuwa nadanganya, sikujua. Miezi yote ilikuwa imekuwa damu moja.

"Hajui huyo," alisema mama mkwe. "Mimi najua." Akaishika kamba kama anayeshika rozari, akaanza kutoka mwisho. "Hii ni leo. Jana, juzi, siku tano kwa jumla. Hapa mwezi umeandama. Hapa nyuma yake mwezi mwingine. Hapa siku sita, hapa mbili, hapa tisa."

Nesi alimshika mkono. "Subiri, mama. Rudi hapa. Kati ya hivi vitambaa viwili, mbona hakuna fundo?"

"Hapo alikamua kila siku. Mwezi mzima na zaidi. Nilimsifu."

Nilimwona nesi anabadilika uso. Alizigeuza pakiti moja moja, akaniuliza taratibu kwa nini vya kahawia vimebaki vyote. Nikamwambia ukweli, pale pale mbele ya mama mkwe, maana mtu anayekufa haoni haya: huwa nameza mume wangu akiwepo. Akiondoka naacha, kwa sababu aliniuliza nikimeza akiwa hayupo nameza kwa ajili ya nani.

Nesi akasema, "Mama, huyu hakaushwi damu na vidonge. Huyu ana mimba inayotoka, na inamtoka vibaya." Akaenda mlangoni akaita kwa sauti wanitafutie gari, gari lolote, sasa hivi. Lilipatikana la mfanyabiashara wa mahindi. Nililazwa juu ya magunia matupu, mama mkwe ameniwekea kichwa kwenye magoti yake mabovu, na kila gari liliporuka shimo aliguna, na kwa mara ya kwanza sikuchukia kuguna kwake.

Hospitalini nilisafishwa kizazi, nikaongezewa damu. Daktari hakuwa yule wa kwanza, na huyu alisema saa chache zaidi zingetosha. Zingetosha, alisema hivyo tu.

Kabla sijatoka, nesi mmoja wa wodini aliketi kitandani kwangu, akaketi kweli, akanieleza mambo ambayo yalihitaji dakika kumi tu. Kwamba kidonge hakimezwi kwa kumfuata mume, kinamezwa kila siku, awepo asiwepo, kwa sababu kinga inajengwa polepole na ukiibomoa kila mara hujengi kitu. Kwamba matone ya miezi miwili mitatu ya mwanzo mara nyingi hupita yenyewe, lakini damu nyingi si ya kuzoea, na damu isipokuja baada ya kuruka vidonge unapima mimba kwanza ndipo ushangilie. Kwamba vya kahawia ni vya kuongeza damu, na mimi ndivyo nilivyokuwa naviacha, mimi niliyekuwa navihitaji kuliko mtu yeyote mkoa mzima wa Mara. Kwamba havikusanyiki tumboni. Kwamba mguu ukivimba na kuuma upande mmoja, kifua kikibana, kichwa kikipasuka na macho yakaona vimulimuli, hukai nyumbani. Na kwamba vikinishinda kuna njia nyingine, nichague. Nilimsikiliza huku nalia, na haikuwa huzuni. Nilikuwa na hasira mpaka meno yanagongana. Dakika kumi! Mtu mmoja, benchi moja, dakika kumi.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini ukutani, anasikiliza yote. Aliuliza swali moja. "Akivimeza vizuri, damu itakuja mara ngapi?"

"Mara moja kwa mwezi, mama. Siku chache, na kidogo."

Akatikisa kichwa akikubali.

Mume wangu aliomba ruhusa akaja. Alikuta niko kitini nje ya nyumba, nimefunikwa blanketi mchana. Alikuwa na hofu, nisimwonee, alikuwa na hofu kweli. Lakini alipofungua mdomo alisema, "Basi hivyo vidonge utaacha. Vingekuua."

Nilivuta pumzi nimjibu. Mama yake alinitangulia.

"Aache nini?" Alikuwa amesimama na kibuyu mkononi. "Wewe ndiye ulimwachisha. Nimesikia kwa masikio yangu ulichomwambia. Kumbe nilikuwa nainamisha magoti yangu kwa ajili ya mdomo wako!"

"Mama, nilikuwa natania."

"Haya. Akifa, wewe uje ukamue."

Hakuniomba radhi kwa chochote, na wala hakunihurumia kwa maneno. Sheria ya zizi iko pale pale hadi leo, nikiwa kwenye siku zangu nasimama nje, na sheria ile inaniudhi hadi leo. Kamba bado iko nguzoni. Sasa mafundo yako manne, nafasi, manne, nafasi, na mwezi ukipita bila fundo anakuja kuniuliza kabla hata mimi sijafikiria.

Siri yangu ameichukua pia, ameifanya ya mji mzima. Kila jioni, nikiwa nafunga ndama, anasimama upande wa pili wa zizi na kupaza sauti ambayo nina hakika inavuka mto: "Umemeza?" Mwanzoni nilitamani ardhi ipasuke. Majirani wanasikia, wapita njia wanasikia, wanawake wa mashine ya kusaga wanasikia. Sasa nami napaza yangu. "Nimemeza!"

Jioni moja mume wangu alipiga simu kutoka kambini, wakati huo huo. Simu iko begani, kamba ya ndama iko mkononi. Mama yake akapaza sauti, nami nikamjibu. Mume wangu akauliza:

"Anauliza nini huyo?"

"Anauliza kama nimemeza."

"Na umemeza?"

"Kila siku," nilimwambia. "Ukiwepo na usipokuwepo."

Nikamsubiri acheke. Hakucheka. Nikakata simu, nikaenda kukamua.